Mbuzi Waliyenichagulia

Kaka yangu mkubwa alikuja Ilala Jumapili moja, akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, akatuamulia mnyama wa kufuga. Mdogo wetu wa kiume alikaa kwenye benchi. Mama alikuwa mkekani, ameegemea ukuta. Mimi nilisimama na birika la chai nikisubiri vikombe vyao viishe. Walizungumza kirefu juu ya kuku, bata na mbuzi, na muda wote huo sikuulizwa neno, isipokuwa kama sukari bado ipo.

Nataka ieleweke uani ule ulikuwa mikononi mwa nani. Nyumba aliiacha marehemu baba, nyumba ya zamani ya vyumba sita, korido katikati, uani nyuma. Kaka alikuwa na nyumba yake ya geti huko Goba. Mdogo wetu alikuwa Mbagala na mkewe. Niliyebaki na mama ni mimi. Tangu kiharusi kilipompiga upande wa kulia, mimi ndiye niliyemwogesha, niliyemlisha, niliyemgeuza kitandani asipate vidonda, na katikati ya hayo nikashona sare za shule barazani ili tule. Uani niliufagia mimi kila alfajiri, kabla wapangaji hawajaamka kugombea bomba. Ulikuwa hatua zangu kumi na mbili kwa saba. Nilijua hata pale ambapo maji ya mvua hutuama.

Na wazo la kufuga lilikuwa langu. Mama alikuwa anakataa chakula. Uji aliutema, ndizi alizisukuma pembeni, kitu pekee alichokimeza kwa hiari kilikuwa maziwa. Nami maziwa ya kununua yalinichosha, leo mazito, kesho maji matupu yaliyopakwa rangi nyeupe. Nikajiambia, basi nifuge. Lakini uani wa hatua saba hauwezi kumbeba mnyama wa kazi moja. Anayekuja kula nafasi yangu lazima anilipe kwa njia mbili au tatu, la sivyo abaki huko huko.

Nilichunguza kwa miezi. Kila nilipokwenda Kariakoo kununua vitambaa na nyuzi, nilipitia kwa wauza kuku nikawauliza maswali mpaka wakanichoka. Jirani wa mtaa wa pili alifuga kuku wa mayai, nikawa naenda kuwatazama. Wanakula chakula cha kununua tangu siku ya kwanza, na siku wakiacha kutaga hakuna anayewataka. Bata niliwapenda, maana hula mabaki ya jikoni na hulalia mayai yao wenyewe, ila bata na wapangaji kwenye bomba moja ni vita. Sungura nilimtajia mama. Akanitazama kwa jicho lake zima, akasema kwa ulimi mzito, “Huyo ni paka. Mwite paka.” Ikawa mwisho wa habari ya sungura.

Tukabaki na mbuzi. Mama alichunga mbuzi utotoni kwao Newala, kabla baba hajamleta mjini, na alipolisikia neno mbuzi uso wake ulinyooka. Mbuzi jike chotara, mwenye umbo dogo, angempa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Samadi ningeitia kwenye viroba vyangu vya mchicha na matembele. Mtoto wake angekuwa akiba ya matibabu. Chakula? Kariakoo hutupa chakula cha mbuzi kwa mikokoteni kila siku: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, magunzi ya mahindi. Nilikwenda mpaka ofisi ya mtaa kuulizia, wakaniambia mmoja au wawili si neno, mradi wafungiwe ndani na uani uwe safi. Pesa nilikuwa nimezipata kwenye upatu, mchezo wa kuchangiana wa akina mama wenzangu. Kilichobaki kilikuwa kwenda kuchagua.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia kaka. Nilimwambia kwa heshima tu, kwa kuwa ni mkubwa.

“Mbuzi ndiyo mpango,” alisema Jumapili ile, kama vile wazo limemjia yeye palepale kitini. “Ila kununua mnyama si kazi ya mwanamke, mdogo wangu. Watakubambika. Nipe hizo hela, sisi wanaume tutalishughulikia.”

Mama alisema kitu. Kaka akainama kumsikiliza, hakuelewa, akamwitikia kwa sauti ile watu wanayowasemeshea watoto, “Ndiyo mama, tutakuletea mkubwa kabisa!”

Mimi nilikuwa nimemsikia mama vizuri. Alichosema ni, “Aende yeye,” akimaanisha mimi.

Nikatoa pesa, nikampa. Kwa hilo ninajilaumu mpaka leo. Nililelewa kwamba kaka mkubwa ni baba wa pili, na mkono wangu ulifanya ulichofundishwa kabla kichwa hakijaamka.

Siku mbili baadaye gari dogo la mizigo lilisimama mlangoni, na juu yake mbuzi mweupe, mkubwa, masikio marefu yanayoning'inia, kiwele kimejaa mpaka anatembea miguu imetanuka. Wapangaji walitoka vyumbani kushangaa. Kaka alimshika kamba akapigwa picha, akaituma kwenye kundi la simu la ukoo. Dua zikamiminika. Alinieleza aliyoelezwa na muuzaji, dalali mmoja mwenye kiwanja chake nyuma ya maduka ya nafaka kule Kariakoo: mbuzi huyu ni uzao wa pili tu, na anatoa lita tatu kwa siku.

“Umemkamua kuona?” nilimuuliza.

“Kiwele chote hicho hukioni?”

Hakukaa hata kunywa maji. Alikuwa na kikao.

Asubuhi yake nilimvuta mbuzi hadi mkekani kwa mama. Mama hakumtazama kiwele. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, akasema nimfunue mbuzi mdomo wa chini. Nikafunua. Meno ya mbele yalikuwa yameachana kama vigingi vya ua wa zamani, mawili hayapo, mengine yamesagika mpaka kwenye fizi.

“Bibi kizee huyu,” mama alisema. Kisha akashuka na vidole vyake taratibu chini ya tumbo, akagusa kiwele. Upande mmoja ulikuwa laini. Upande wa pili ulikuwa mgumu na wa moto, na mbuzi alirusha mateke alipoguswa. Mama akatoa mkono. “Wamemfunga. Siku nyingi hawakumkamua, ili avimbe. Wamemuua kiwele.”

Nilikamua kwenye bakuli jeupe. Upande mzima ulitoa maziwa kiasi cha nusu kikombe. Upande wa pili ulitoa maji ya njano yenye mabonge, halafu uzi wa damu. Mbuzi alilia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mnyama. Mama naye alikuwa analia, machozi yanashuka upande mmoja tu wa uso. Nilidhani analilia maziwa. Alikuwa anamlilia mbuzi.

Nilimpigia kaka simu.

“Labda hujui kukamua,” alisema.

“Mama anajua. Ni mama aliyemgusa.”

“Mama ni mgonjwa. Sikiliza, mnyama ni bahati. Inawezekana umemlisha vibaya jana usiku. Mimi nilimleta mzima, watu wote walimwona.”

Jioni nikasoma kwenye kundi la ukoo kwamba mbuzi wa mama amepata hitilafu kidogo kwa sababu dada bado anajifunza kumtunza. Shangazi mmoja alinitumia ushauri wa kuosha mikono. Mikono! Mimi ambaye mikono yangu ilikuwa imechubuka kwa sabuni ya kumfulia mama mashuka. Niliizima simu nikaiweka chini ya mto, maana nilihofia ningeandika neno ambalo lisingefutika.

Nikaenda kumwita bwana mifugo. Alimtazama, akamchoma sindano, akaniambia ukweli: upande ule umekufa, hautarudi, na kwa umri wake huyu hatabeba mimba nyingine salama. Akamaliza kwa kuniambia nimrudishe kwa aliyeniuzia, kama ninao ubavu.

Ubavu nilikuwa nao. Siku ya pili, mbuzi alipopata nafuu ya kutembea, nilimwomba mpangaji wangu mmoja akae na mama, nikamfunga mbuzi kamba, nikatoka. Nilishika barabara ya Uhuru nikaingia Mtaa wa Msimbazi kwa miguu, kanga kiunoni, bakuli jeupe kwapani. Wachukuzi walinipigia mluzi. Mmoja aliuliza, “Mama, mishkaki hiyo inajiendea yenyewe?” Mwingine alisimamisha mkokoteni wake katikati ya njia, magari yakapiga honi nyuma yake, akanipisha mimi na mbuzi tupite kama msafara wa kiongozi. Sikucheka. Mbuzi alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache, nami kila aliposimama nilizidi kuwaka.

Dalali nilimkuta kwenye kiwanja chake, ameketi juu ya gunia, mbuzi sita au saba wamefungwa ukutani nyuma yake. Alinijua kwa kumjua mbuzi.

“Huyu ulimuuza wewe,” nilimwambia.

“Nilimuuza kwa mwanamume, mama'angu. Mlete huyo mwanamume tuzungumze.”

“Pesa ni zangu.”

“Sikuzipokea mkononi mwako. Biashara ya mifugo haina kurudisha, hata mumeo atakwambia.”

Mume! Nilichuchumaa palepale kwenye vumbi, nikaweka bakuli chini ya mbuzi, nikakamua. Wateja wawili waliokuwa wanamtazama mbuzi mwingine wakasogea. Wachukuzi wakasogea. Nikasimama nikalizungusha bakuli wote waone mabonge na damu.

“Lita tatu hizi hapa,” nilisema. “Nani anataka kuonja?”

Dalali aliinuka. “Huyo mama amemharibu mbuzi nyumbani kwake, sasa anakuja kunichafulia. Nyie mnamjua? Mimi mnanijua!”

Watu wakaanza kunong'ona, na niliona wengine wanamwelekea yeye, kwa kuwa kweli yeye walimjua na mimi sikuwa mtu wa pale. Hapo ndipo ilipotoka sauti kutoka mlango wa nyuma wa duka la nafaka. Alikuwa mama mwenye duka, mwanamke wa Kihindi wa makamo, nywele zake zina mvi katikati. Nilimjua kwa kununua pumba na kunde kwake, tukisalimiana tu. Yeye aliniita fundi, kwa sababu ya sindano ninazochomeka kifuani nikisahau.

“Huyo mbuzi alilala hapa nyuma ya dirisha langu,” alisema. “Siku tatu analia. Mchana analia, usiku analia. Nilikuja mwenyewe kukuambia, mkamue mnyama, anaumia. Uliniambia nini?”

Dalali akainamia gunia lake, akajifanya analikung'uta.

“Sema uliniambia nini.”

“Mama, haya ni mambo ya…”

“Uliniambia nirudi nikauze dengu zangu.”

Watu wakaguna. Mmoja wa wale wateja wawili aliiachia kamba ya mbuzi aliyekuwa anamtaka, akaondoka bila kuaga. Mwenzake akamfuata. Dalali aliwaona wakienda, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

“Haya basi, mama. Chagua mwingine. Tusiharibiane.”

Alininyooshea jike kubwa jeusi linalong'aa. “Huyu hapa, mkubwa kuliko yule.” Nilianza ukutani mwanzo mpaka mwisho. Nilifunua kila mdomo. Nilimtembeza kila jike hatua kadhaa nikitazama miguu. Nilipapasa kila kiwele pande zote mbili, na nilipopenda nilikamua, nikatazama, nikamwaga. Niliwanusa hata midomo. Dalali alipumua kwa nguvu akatazama saa yake, nami nikazidi kwenda polepole. Mwishowe nilisimama kwa jike dogo la kahawia, sikio moja limechanika, pembe moja imepinda, na kando yake kitoto chake cha kike. Meno mazuri, ya kijana. Kiwele kidogo lakini laini, chuchu zote mbili zinatoa maziwa meupe yenye povu.

“Huyo?” dalali alicheka. “Huyo hata picha hapigwi.”

“Namchukua na mwanawe.”

Alitaka kubisha juu ya mtoto. Mama wa duka alikuwa bado amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakubisha.

Mbuzi mweupe ilibidi nimwache. Najua aliishia bucha, na siwezi kusema nilishinda siku ile huku nikijua hivyo. Nilimpapasa kichwani nikaondoka haraka.

Mama alikunywa maziwa ya yule wa kahawia jioni ileile, baada ya kuchemshwa, kikombe kizima, na akadai kingine. Alinenepa kidogo mashavuni. Kila asubuhi nilimtoa na mkeka wake karibu na banda nililowajengea mbuzi uani, na alimsemesha mbuzi Kimakonde, lugha ambayo sisi watoto wake hatukuirithi vizuri. Mchicha ulijaa kwenye viroba mpaka ukawa wa kuuza. Samadi iliyozidi nilimpelekea mama wa duka la nafaka kwa ajili ya mirehani yake ya ibada, anayoipanda kwenye makopo ghorofani, naye akawa ananiwekea maganda ya dengu na kunde bure. Kaka alikuja mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza mbuzi wake mweupe yuko wapi. Nilimweleza. Akasema, “Ona sasa, si nilisema mbuzi ndiyo mpango?”

Mama alituacha baada ya mwaka na miezi, usingizini. Sitaeleza siku hiyo.

Ilipokaribia hitima ya arobaini, kaka alipiga simu kupanga mambo. Mchele nani, viti nani, turubai nani. Kisha akasema, kama mtu anayetaja kitu kilichokwisha kubaliwa, “Kitoweo kipo. Mbuzi wa mama achinjwe, aliwe kwenye hitima ya mama. Itapendeza.”

“Ana mimba,” nilisema.

“Mwanawe naye ni mkubwa sasa. Wote wawili basi.”

“Kaka, hao mbuzi ni wangu.”

“Ni wa familia. Nani aliyemnunulia mama mbuzi?”

Akakata simu. Nilijua atakuja na mchinjaji, na mbele ya wazee wa msiba nisingeweza kumzuia. Asubuhi nikaenda dukani Kariakoo, nikamweleza yule mama. Hakuniacha nimalize. “Walete kwangu, fundi. Nyuma ya stoo kuna nafasi. Kwetu hatuli nyama, hata yai haliingii ndani. Nani atakuja kutafuta nyama hapa?”

Kaka alifika mkesha wa hitima na mchinjaji, kisu kimefungwa kwenye gazeti. Akakuta banda tupu, limefagiwa.

“Wako wapi?”

“Hawapo.”

“Umewauza? Umemuuza mbuzi wa marehemu?”

“Kaka, ukitaka nyama, bucha ipo pale kona.”

Aliongea sana. Alisema nimemvunjia heshima, nimewaaibisha, na baba angekuwa hai angejua la kufanya. Mdogo wetu alikuwepo, akitazama miguu yake kama alivyofanya siku zote. Mwisho kaka alinunua nyama ya ng'ombe, kwa pesa zake, na nadhani ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake, baada ya dua, alisimama kuwashukuru watu. Akasema sisi watoto tulijitahidi, kwamba yeye binafsi alimnunulia mama mbuzi wa maziwa, na maziwa yale ndiyo yaliyomwongezea mama siku. Wazee wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, kwenye sufuria. Niliweka mwiko chini nikaenda mpaka ukingoni mwa turubai.

“Mbuzi uliyemnunua wewe, mama hakunywa maziwa yake hata kijiko,” nilisema. Wazee waligeuka kunitazama. “Aliugua kiwele, nikamrudisha mimi. Aliyemnywesha mama nilimchagua mimi. Usimsemee mama uongo leo.”

Shangazi alinivuta kanga. Wapo ndugu wanaosema mpaka leo kwamba ile ilikuwa aibu, kwamba mambo ya ndani husemwa ndani. Ndani nilikwishayasema mara ngapi? Kaka hajanisemesha tangu siku ile, na simtafuti.

Mbuzi walirudi nyumbani siku ya tatu, wamelishwa dengu mpaka matumbo yanabana. Yule wa kahawia alizaa mapacha kwenye masika.

Juzijuzi mdogo wetu alikuja kutoka Mbagala, peke yake, akazunguka banda akitafuta pa kuanzia. “Shikamoo dada,” alisema mara ya pili, kasahau kwamba tumeshasalimiana. Mwishowe akasema na wao wanataka kufuga, wamepata uani mdogo. Alitaka nimwelekeze namna ya kuchagua.

“Atakayemkamua nani?” nilimuuliza.

“Mke wangu.”

“Atakayefagia?”

Akautazama ufagio uliosimama pembeni. “Yeye pia.”

“Basi sina la kukufundisha wewe. Mlete yeye.”

Nilidhani atanuna. Jumamosi iliyofuata alimleta mkewe, akatuacha akaenda zake kunywa kahawa barazani. Mwanamke alisimama mbali na banda, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, ananiambia hajawahi kumgusa mbuzi maishani. Nilimwambia aweke mkoba chini, tuanze na meno. Nikamshika mbuzi kichwa, naye akanyoosha vidole viwili, akafumba macho kwanza, halafu akayafumbua, akaufunua mdomo wa chini na kuanza kuhesabu meno.